Msiba wa Timu Ambayo Haikufa

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, najua shikamoo hamtanipa, kwa hiyo najipa mwenyewe: marahaba. Anayewaandikia ni mstaafu. Msicheke. Nimestaafu kazi ya kutangaza mechi za timu yetu, Matimba, nikiwa kidato cha nne, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni sauti, ambayo siku hizi inaanza neno kama filimbi na kulimaliza kama chura. Ya pili ni mwalimu wa nidhamu, aliyeniambia nichague kati ya kipaza na mtihani, huku fimbo yake ikisikiliza jibu. Nimechagua mtihani.

Nasikia tayari mnagombania nafasi yangu, na kwamba mnapimana huko bwenini nani anapiga kelele zaidi. Ndiyo maana naandika. Kazi hii si ya kelele. Mwenye kelele akauze sumu ya panya.

Tuanze na vifaa. Mtakaa nyuma ya toyo ya Mzee Nkwabi, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, mkiwa na betri ya gari miguuni, maiki mkononi, na kipaza kimefungwa kwa mpira wa tairi. Kila mgeni wa kazi hii hukielekeza kipaza mbele. Kosa. Aliye mbele utamfikia tu, atake asitake. Aliye nyuma ndiye unayemwacha, na kama hajasikia jina la mpinzani na saa ya mechi, basi umepita bure. Kipaza kitazame nyuma, maneno yawakimbilie mliowapita.

Pili, usiongee toyo inapovuka korongo. Mimi niliwahi kuung'ata ulimi katikati ya jina la golikipa, na mtaa mzima ukaambiwa golini atasimama "Kul".

Tatu, salamu ianze kwa Kisukuma. Mzee anayelima akisikia "Mwangaluka" anasimamisha jembe, anataka kujua ni mtoto wa nani huyo mwenye adabu. Akisikia "Oyaa", anaendelea kulima na anakuombea mabaya.

Nne ndiyo kubwa, na nilijifunza kwa ndoo. Siku moja tulikuwa tunatoka upande wa Kharumwa, muziki umefunguliwa mpaka betri inatetemeka, mimi nikitania washambuliaji wa wapinzani kuhusu miguu yao. Tukaipita nyumba moja yenye wanaume wamekaa juu ya magogo, mchana wa kazi, na moshi wa sufuria kubwa uani. Mimi niliona hadhira, sikuona msiba. Wakina mama wakatoka wakasimama barabarani. Mmoja akachomoa ufunguo wa toyo, akautia kwenye kitenge chake. Mwingine akanipa ndoo tupu. Nikachota maji mpaka jua lilipolala, na Mzee Nkwabi, mtu mwenye wajukuu, akapasua kuni bila kuvua kofia ya helmeti kwa aibu. Tuliporudishiwa ufunguo, tuliagwa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililouma.

Njiani Mzee Nkwabi akaniambia, "Bhebhe, wewe Kasuku, kipaza hiki ndicho kinachotangaza mpira na ndicho kinachotangaza vifo. Kama hujui kutangaza kifo, na mpira hujui."

Kasuku ni mimi. Jina la nyumbani liacheni nyumbani.

Akanifundisha. Sauti ya msiba haina mapambo. Unazima muziki mtaa mmoja kabla. Unataja jina la aliyeondoka, unamtaja ni mtoto wa nani, unasema mwili upo wapi na watu wafike wapi. Unarudia mara ya pili polepole, kwa ajili ya mtu ambaye mara ya kwanza alikataa kusikia. Kisha unanyamaza. Na huku kwetu machimboni kuna jambo moja zaidi: tangazo la msiba likipita, makarasha yote yanazimwa. Wengi wenu mmezaliwa na kelele ya mashine hizo zinazosaga mawe ya dhahabu, hamuisikii tena. Mtaisikia siku ikikatika.

Sasa niwaambie Matimba ni nini, maana wengine mmehamia juzi na mnadhani ni jina tu la kwenye jezi.

Matimba ni nguzo za mti zinazoshikilia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lisimwangukie mchimbaji. Nikiwa shule ya msingi, duara moja hapa kwetu liliporomoka watu wakiwa ndani. Wote walitolewa wakiwa hai isipokuwa Doto, kijana wa Mama Kulwa, winga wa timu ya wachimbaji. Walichimba kumfuata mpaka udongo ukaanza kuwaangukia waokoaji. Wakaambiwa waache. Duara likafukiwa, likazungushiwa mawe, na Mama Kulwa akarudi nyumbani na jezi ya mwanawe badala ya mwili. Wazee walimwambia: mama, timu itabadilisha jina iitwe Matimba, itacheza hapa hapa kando ya mawe haya, na kaburi la mwanao litakuwa ni hili na timu hii. Ndiyo sababu uwanja wetu uko pale, umeinama kidogo upande wa kusini, na ndiyo sababu wachezaji hupita kwenye mawe kabla ya kuingia kati.

Pacha wake Doto ni Kulwa, golikipa na nahodha. Alikuwa anachimba, siku hiyo alikuwa zamu ya juu. Hakushuka tena. Timu ilipopanda mpaka ligi ya kulipana mishahara, Kulwa akaacha kabisa sururu, akawa mtu anayekula kwa kudaka. Mama yake alipoulizwa anajisikiaje, alisema sasa analala.

Duara lile lilikuwa la Bosi Luhende. Msimchore vibaya kwenye madaftari yenu, nawajua. Baada ya siku ile hakufungua duara jingine. Akaweka makarasha, na kwa makarasha hayo akawa anailisha timu, basi la safari, viatu, mishahara. Uani kwake kulikuwa na nguzo nyingi za mti mgumu zimelala juu ya mawe, zimefunikwa turubai. Kila mtu alijua zilinunuliwa kwa ajili ya duara gani na zilifika siku gani, kwamba zilichelewa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mambo yalianza wenye ligi walipokuja kukagua uwanja. Wakasema nyasi wanaweza kuzifumbia macho, vyumba vya kubadilishia nguo tutumie madarasa, lakini uwanja usio na uzio hautachezewa mechi msimu ujao. Ng'ombe walikuwa wamepita kati wakati wa ukaguzi, na mmoja alijisaidia kwenye nukta ya penalti, kwa hiyo hatukuwa na hoja. Bosi akapiga mahesabu yake na simu zake. Kahama kulikuwa na uwanja wenye uzio na nyasi, na watu wa kuujaza. Akaamua timu ihamie huko, na jina libadilishwe liwe la mji.

Jumamosi asubuhi akatuita mimi na Mzee Nkwabi kwenye karasha lake. Akasema alasiri kutakuwa na mechi ya kuwaaga vijana, Ushetu wanaleta timu, basi litakuwa pembeni na litaondoka nao jioni. Tutangaze, tupige muziki, watu wafurahi. Kwa sura yake aliyekuwa anahitaji kufurahishwa ni yeye.

Mimi sikuona tatizo. Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshatunga utani wa Kahama njiani. Tukaenda, muziki juu, mpaka tukafika kwa Mama Kulwa. Alikuwa anatoka shambani. Akasimama katikati ya njia na jembe begani, toyo ikasimama.

"Shikamoo mayu," nikasema, bado kwenye maiki.

"Marahaba. Timu inakwenda wapi?"

"Kahama, mayu."

"Yote?"

"Yote."

"Na Doto?"

Nina jibu la kila swali, waulizeni walimu. Lile nililijibu kwa kushusha maiki. Mzee Nkwabi akanyoosha mkono akazima muziki mwenyewe. Mama Kulwa akatuangalia kidogo, akapita pembeni ya toyo, akaenda zake. Tukabaki pale injini ikiunguruma.

"Ng'wanawane, mwanangu," Mzee Nkwabi akasema, "hili tangazo ni la muziki kweli?"

Nikashika maiki. Nikajiambia natania, kama ninavyotania siku zote. Lakini niliitumia sauti ile niliyofundishwa baada ya ndoo, na sauti ile haijui utani. Nikasema: "Mwangaluka. Tangazo la msiba. Matimba, mtoto wa duara, anaondolewa nyumbani leo jioni. Mwili upo uwanjani. Ndugu, jamaa na majirani, mnaombwa kufika." Nikarudia polepole. Nikanyamaza, nikingoja kusikia watu wakicheka.

Karasha la kwanza likazimwa. Kisha la jirani yake. Kisha ng'ambo ya korongo, moja baada ya jingine, mpaka nikasikia kitu ambacho mchana husikika siku za msiba tu: mbuzi wa mtaa wa pili akitafuna majani ya mahindi. Nilitaka kulirudisha tangazo. Andikeni hili mahali: tangazo halirudi. Maiki ina kitufe cha kuwasha na cha kuzima, cha kufuta haina.

Alasiri watu walifika kama wanavyofika msibani. Wakina mama walikuja na unga, kuni na ndoo za maji vichwani, wakatandika mikeka upande wa goli la kaskazini. Wanaume wakavuta magogo. Wachimbaji walikuja na matope yao mwilini na sururu zao, kwa sababu kijana akienda msibani anajua atatumwa kuchimba. Ushetu walipofika, watoto wa wakulima wa tumbaku, walikuta uwanja mzima umekaa chini. Vijana wa watu wana malezi. Wakavua njumu, wakatoa pole, wakakaa. Refa naye akakaa, filimbi shingoni. Mpaka leo mechi ile haijachezwa na hakuna aliyedai ichezwe.

Bosi Luhende alifika na gari, nyuma yake basi. Akateremka akitabasamu, tabasamu likaishia mlangoni. Akaja moja kwa moja kwangu, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Mzee Nkwabi akajibu kwa niaba yangu kwamba msibani mtu haulizi akiwa amesimama, akae kwanza. Bosi ni mtu wa huku. Akavua kofia, akakaa kwenye gogo.

Mzee Nkwabi ndiye aliyefungua kikao, kama kinavyofunguliwa kikao cha mahali pa kuzika. Akauliza wenye msiba ni akina nani. Kisha Mama Kulwa akanyoosha mkono kutoka kwenye mkeka. Upande wa pili Kulwa, akiwa na jezi ya golikipa, akanyoosha wake. Na baada ya muda, Bosi.

Bosi akaongea vizuri, lazima niseme. Alieleza habari ya uzio na masharti ya ligi. Akasema timu ikibaki hapa bila uwanja itashushwa, na ikishushwa hawezi kuwalipa vijana. Hakumtukana mtu. Watu walitikisa vichwa, maana alikuwa anasema kweli.

Kulwa alisimama huku anaangalia glavu zake.

"Mama, nina watoto. Timu ikianguka, kazi ninayoijua mimi imebaki moja."

Hakuitaja. Hakukuwa na haja, watu wote walikuwa wanaangalia mawe.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokitangaza. Mama yule akizuia timu, anamrudisha mwanawe aliyebaki chini kule kule. Akiiachia, aliyelala anabaki hana kaburi. Nilitamani Mzee Nkwabi anipe ndoo nikachote maji popote.

Mama Kulwa hakulia. Akakunja upande wa kitenge, akaukunjua.

"Kulwa aende," akasema. "Mtoto aliye hai simzuii kwa ajili ya aliyelala. Ila mimi sikupewa mwili. Mliniambia timu ndiyo kaburi. Sasa kaburi likihama, na mwenyewe anahama nalo. Mchimbeni, aende na ndugu yake."

Bosi akajikohoza. Akasema watachukua udongo wa pale, watakwenda kuuzika kwa heshima kwenye uwanja mpya, yeye mwenyewe atasimamia.

"Udongo kiasi gani?"

"Kiasi utakachosema wewe, mama."

"Mpaka mumfikie."



Kwa desturi, neno la kuchimba likishatamkwa msibani, vijana hawabaki wamekaa. Wachimbaji wakainuka, wakaenda wakasimama kuzunguka mawe, sururu mikononi. Lakini duara ni la mwenye duara, na hakuna anayegusa bila neno lake. Wakamgeukia Bosi. Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyejua kina cha duara lile, na kwamba udongo wake haushiki.

Bosi Luhende akainuka. Alitembea kama mtu mwenye mzigo. Akafika kwa kijana wa kwanza, akamwomba sururu. Akasimama mbele ya mawe, mdomo unasogea, sikusikia anasema nini na sikutaka kusikia. Kisha akayapita. Akaenda mpaka kwenye kibendera cha kona, akahesabu hatua kidogo nje ya mstari wa chokaa, akapiga sururu chini.

"Uzio uanzie hapa," akasema. "Nguzo ziko uani kwangu. Kalifunueni lile turubai."

Mzee Nkwabi hakungoja kikao kifungwe. Toyo ikawaka.

Sasa, wadogo zangu, kuna jambo dogo la kiufundi. Ukitaka shimo la nguzo ya uzio, usimpe mchimbaji dhahabu. Mashimo ya siku ile ya kwanza yalichimbwa kwa mazoea. Nguzo ya kwanza iliwekwa ikapotea yote, kikabaki kichwa kama uyoga. Fundi mmoja aliingia kupima, akaomba kamba ya kutokea. Ushetu walicheka kwanza, sisi tukafuata, na nilimwona Mama Kulwa akificha mdomo kwa kitenge. Wakafukia nusu, wakaanza upya. Dereva wa basi alikula ugali wa msibani akashiba, akarudi Kahama na viti vitupu.

Siku zote za matanga watu walichimba. Hakuna aliyeondoka na kitu cha timu, kwa sababu nyumba yenye matanga haihamishwi vyombo. Matanga yalipoanuliwa, nguzo zilikuwa zimezunguka uwanja, mabati yamepigiliwa, na geti lina mlango. Wenye ligi walirudi kukagua. Mmoja alikuja na suti, akaisukuma nguzo moja kwa bega, akaisukuma tena, akauliza imeingia mpaka wapi. Kulwa akamjibu, "Mpaka kwenye mwamba, mheshimiwa." Akaandika alichoandika, uwanja ukapita. Ng'ombe walikusanyika nje ya geti wakiangalia kama watu waliofukuzwa ukumbini.

Siwadanganyi kwamba Matimba haitahama milele. Bosi bado analalamikia nyasi, na Kahama bado wanampigia simu. Ila sasa kila mtu anajua swali atakaloulizwa kwanza, na nani atauliza.

Limebaki fundisho la mwisho, na yeyote atakayerithi maiki yangu alishike hili hata akisahau mengine yote.

Siku ya mechi utasoma kikosi. Soma kwa mbwembwe, hapo ruhusa, taniana na mashabiki, mpe kila mchezaji sifa yake hata kama hana. Ukifika kwenye wachezaji wa akiba, soma mpaka jina la mwisho. Kisha punguza sauti. Kigeuze kipaza kwa mkono wako kielekee kwenye mawe, na useme: "Na Doto." Usiongeze "marehemu", mama yake hataki. Usiongeze "hayati", wala namba ya jezi, wala mzaha. Kama sauti yako ndiyo inavunjika kama yangu ilivyovunjika siku yangu ya mwisho, iache ivunjike, hakuna atakayecheka.

Halafu subiri. Mama Kulwa atakuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, upande ule ule wa mawe. Usimwangalie. Mwangalie Kulwa golini. Atainua glavu moja juu, kama golikipa anayemwambia beki wake kwamba amemwona. Akishaishusha, mpe refa ishara.

Mpira uanze.